Herufi ya Kwanza

Ijumaa na Jumamosi mimi ni wa watu.
Nasimama nyuma ya meza, Shela, juu ya paa la hoteli,
Tima Shekue akiimba mbele, mimi nikibonyeza,
na mdundo ukishuka wageni hurusha mikono.
Hakuna aniulizaye jina.
Kundi lina jina, latutosha wawili.

Jumapili narudi Langoni, nyumba ya nyanya,
napita ukumbi wa kwanza, napita wa pili,
naingia chumba cha ndani kabisa,
kile kisicho na dirisha,
walimozaliwa shangazi zangu wote
na alimooshwa nyanya.
Kuta za mawe na chokaa, nene kupita dhiraa:
sauti ikitoka kinywani humu haina pa kukimbilia.
Kidaka kilichokuwa cha chetezo sasa kina waya.
Kingine kina maikrofoni ya mtumba
niliyoivisha soksi.

Hapa sipigi besi.
Hapa nataka kusema.

Nina kigugumizi tangu miaka minne.
Chuoni maalimu alingoja, kidole juu ya herufi,
wenzangu wameshika pumzi
ili wacheke wote kwa pamoja.
Nilitumwa bizari, nikarudi na sukari,
kwa sababu s hupita na b hukwama.
Mama alinisuta, kisha akaelewa,
na huko kuelewa kukaniuma zaidi.

Mashine haicheki.
Nimeiambia jina langu mara arobaini,
imeyachukua yote, haijanimalizia hata moja.
(Watu wema ndio hukumalizia neno:
hukupa la kwao, nawe hushukuru.)

Kisha nakata. Naondoa hewa, naondoa mate,
naacha pale tu midomo inapogoma kufunguka,
b, b, b,
naipanga juu ya mapigo sitini kwa dakika,
mwendo wa mtu anayetembea na hajaitwa.
Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo.
Hawakusema mapigo mangapi.

Usiku mmoja, saa nane, stima ikapotea.
Kompyuta imebaki na asilimia kumi na moja,
feni ikanyamaza,
na nikasikia kile nilichokirudia wiki tatu:
ba. ba. ba. ba
ba.
Badi halikufika. Halijawahi kufika.

Sikumtafuta. Wallahi sikumtafuta.
Baba, mpima saruji gatini,
ndiye aliyekuwa msemaji wangu.
"Huyu aitwa Badi," kabla sijafungua kinywa,
mkono wake shingoni mwangu, mzito, mweupe kwa vumbi,
na nilimpenda na kumchukia kwa mkono huohuo.
Kisha akaoa Witu, akahamia,
nami nikabaki, miaka kumi na miwili,
dukani, peke yangu, mbele ya bizari.

Asubuhi Mwanaesha akaja na uji.
Akavaa spika za masikio, akasikiliza, kijiko mkononi.
"Imekwama," akasema. "Mashine yako imekwama."
"N-ndiyo."
Akairudisha mwanzo. Uji ukashika utando.
Hakusema tena kitu, ila alipotoka
alikisahau kijiko juu ya kibodi,
na tangu hapo herufi tatu zinanata.

Tima ananiuliza lini nitaleta cha kuchezeka.
Nimwambie nini?
Kwamba nina dakika sita
ambazo mguu wa mtu hautajua pa kukanyaga?
Kwamba faili haina jina,
nami nikitaka kulipa jina
narudi palepale nilipokwama?

Namba ya Witu nilikuwa nayo miaka yote.
Jana nimeipiga, nimeketi sakafuni,
mgongo ukutani, kompyuta imezimwa.
Ikaita sana. Kisha kikohozi,
kisha sauti ile, imepungua chumvi:
"Nani mwenzangu?"

Nikafunga midomo kwa ajili ya herufi ya kwanza.
Ikagoma.
Nikaiacha igome,
sitini kwa dakika,
na upande wa pili, kwa mara ya kwanza,
mtu alingoja.